Pikipiki zinazoruka kwenye gemu

SWALI: Natengeneza gemu ya mbio za bodaboda ya wachezaji 8, kwa simu. Data inapita kwa UDP (njia ya kutuma data bila kuhakikisha imefika), poti 7777, kwenye seva ya Linux ya kukodi. Tukicheza kwa waifai hapa Nkuhungu, inakwenda vizuri. Rafiki akijiunga kutoka Kondoa kwa bando la simu, pikipiki kwake zinarudi nyuma kidogo, kisha zinaruka mbele. Seva inatuma hali ya kila pikipiki mara 60 kwa sekunde. Je, tatizo ni mtandao wa huko?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Hesabu pakiti (vipande vya data) kwanza. Mkiwa mnacheza, endesha amri hii ya kurekodi pakiti kwenye seva kwa dakika 2:

sudo tcpdump -i any -w mbio.pcap udp port 7777

Fungua faili hilo kwa programu ya Wireshark, uchuje pakiti zinazokwenda kwenye anwani ya Kondoa peke yake. Kama kila pikipiki inatumwa na pakiti yake, utakuta pakiti 480 kwa sekunde. Tuseme namba ya pikipiki ni baiti 4, mahali ilipo 12, mwelekeo 16: jumla 32. Vichwa vya IPv4 na UDP (maelezo ya anwani yanayotangulia kila pakiti) vinaongeza 28, kwa hiyo karibu nusu ya bando inalipia bahasha, si barua. Hizo ni baiti 28,800 kwa sekunde, zaidi ya MB 100 kwa saa kwa mchezaji mmoja, na hilo si haki kwa mtu anayenunua bando la siku. Zikusanye pikipiki zote 8 kwenye pakiti moja, utume mara 20 tu: unabaki na baiti 5,680.

Kurudi nyuma ni jambo jingine. UDP haipangi foleni. Pakiti ya zamani ikichelewa njiani, inafika baada ya mpya na simu inaiamini. Ipe kila pakiti namba ya mfululizo, na simu iitupe yenye namba ndogo kuliko ya mwisho. Kuruka kutapungua simu ikichora hali ya milisekunde 100 zilizopita, katikati ya pakiti mbili ilizokwisha kupokea.

Huna haja ya kwenda Kondoa kujaribu. Amri hii inaiga mtandao mbovu kwenye seva:

sudo tc qdisc add dev eth0 root netem delay 80ms 40ms loss 2%

Hii inachelewesha zinazotoka tu, pamoja na SSH yako (njia unayoingilia kwenye seva). Ukimaliza, iondoe:

sudo tc qdisc del dev eth0 root

Jina la eth0 linaweza kuwa tofauti kwako. Litazame kwa ip link.