Jifunze maneno ya maafa kabla maji hayajafika mlangoni

Fomu niliyoishika siku ile ilikuwa na visanduku vitatu: nyumba imebomoka yote, imeharibika sehemu, haikuharibika. Bibi niliyekuwa namwandikisha alijibu bila kusita, "Nyumba yangu haijabomoka, mwanangu. Mungu kaniokoa. Imesimama." Nikaweka alama kwenye kisanduku cha tatu, nikamwita aliyefuata kwenye foleni.

Siku tatu baadaye yalitoka majina ya wanaopewa maturubai na blanketi. Lake halikuwemo. Nilikwenda kwake jioni ile, na nyumba kweli ilikuwa imesimama. Lakini ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa ambao niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na sakafu ilikuwa imetitia chini ya kitanda chake. Tangu maji yapungue alikuwa analala nje, kwenye kiti. Hakuwa amesema uongo, na mimi sikuwa nimeandika nisichoambiwa. Lililokosekana kati yetu ni neno moja: haikaliki. Nyumba inaweza kuwa imesimama na bado ikawa haikaliki, na wanaogawa misaada ya makazi wanachotaka kujua kwanza ni kama unaweza kulala ndani usiku wa leo bila kuhofia maisha yako.

Nimejitolea kwenye vituo vya kuhifadhi watu baada ya mafuriko kwa misimu kadhaa, kazi yangu kubwa ikiwa ni kuandikisha. Nimeona watu wakikosa msaada wanaostahili, na wengine wakichelewa kuhama, kwa sababu ya neno ambalo hakuna aliyewaeleza. Ndiyo maana naandika. Maneno haya ni ya kujua sasa, ukiwa umetulia, maana siku yenyewe ikifika hutakuwa na nafasi ya kuuliza.

Anza na janga na maafa. Mtaani tunayachanganya, lakini wengi walio kwenye kazi hii huyatenganisha. Janga ni tukio lenyewe: tetemeko, kimbunga, mvua iliyopitiliza, moto. Maafa ni yale yanayoipata jamii pale janga linapoikuta haiwezi kulimudu kwa nguvu zake. Mwaka 2010 ulituonyesha tofauti hiyo waziwazi. Tarehe 12 Januari tetemeko la kipimo cha 7.0 liliipiga Haiti, likaua watu zaidi ya 100,000. Tarehe 27 Februari Chile ikapigwa na tetemeko la 8.8, lililotoa nishati takribani mara 500 ya lile la Haiti, na waliokufa walikuwa mia tano na ushei. Ni kweli la Haiti lilitokea karibu kabisa na mji mkuu wenye msongamano. Lakini Chile ilikuwa imekumbwa na tetemeko la 9.5 mwaka 1960, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani, na kwa miongo kadhaa ilikuwa ikijenga kwa masharti ya kuhimili mitikisiko. Haiti haikuwa na ulinzi wa namna hiyo.

Hapo ndipo linapoingia neno la tatu, udhaifu, yaani mambo yanayomfanya mtu au jamii iumizwe kirahisi kuliko wengine. Neno hili lina ubaya wake, kwa sababu masikioni linasikika kama tusi. Nimeona wanaume wazima wakikataa kusema kwamba macho yao hayaoni vizuri usiku, na akina mama wakificha kuwa wana mimba changa. Fomu inapouliza "mahitaji maalumu" inauliza hilo tu. Sema. Mtu anayetegemea dawa ya kila siku, anayetembelea magongo, mwenye mtoto mchanga, asiyesikia tangazo la kipaza sauti: hao wote hupangiwa namna yao ya kuhamishwa na kuhudumiwa, na asiyejitaja hapangiwi.

Sasa maneno ya onyo, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko yote. Taarifa za hali mbaya ya hewa huja kwa ngazi. Angalizo lina maana kwamba hali inaweza kutokea, kwa hiyo kaa macho na ujiandae. Tahadhari ina maana uwezekano au madhara yamepanda, na sasa uchukue hatua. Tahadhari kubwa ina maana usisubiri kuona kwa macho yako. Mara nyingi ngazi hizi huambatana na rangi: njano, ya machungwa, kisha nyekundu. Majina hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo tafuta ngazi zinazotumika unakoishi, uzikariri kwa mpangilio wake.

Ndani ya taarifa kuna mambo mawili ambayo watu huyasoma kama moja: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Mwaka mmoja nilisoma "uwezekano mdogo" nikaishia hapo, nikaacha nyaraka zetu zote kwenye droo ya chini. Mstari uliofuata ulisema "athari kubwa", nami sikuufikia. Vyeti vya watoto tulivianika juani wiki nzima, na viwili havikusomeka tena. Uwezekano mdogo wa jambo kubwa ni sababu tosha ya kupandisha nyaraka juu na kujaza madumu maji safi.

Kuna msemo mwingine unaopotosha: "mafuriko ya miaka 100". Wengi wanaelewa kwamba yakishapita, wajukuu ndio watakaoyaona tena. Maana yake halisi ni mafuriko ambayo kila mwaka yana uwezekano wa asilimia 1 kutokea. Yanaweza kuja mwaka huu na mwakani pia. Mtu akikaa kwenye nyumba hiyo miaka 30, uwezekano wa kukutana nayo walau mara moja ni takribani asilimia 26. Nikielezwa hivyo, nafikiri tofauti kabisa kuhusu kiwanja cha bondeni.

Na kuna onyo linalotolewa mapema, kwa usahihi, na bado watu wakafa kwa sababu neno halikuwaingia. Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga Haiyan kilitua Ufilipino. Watabiri walikuwa wametangaza hatari ya bahari kusukumwa na upepo wa kimbunga na kuvamia nchi kavu. Neno la kitaalamu walilotumia lilikuwa geni kwa wengi. Watu wa Tacloban, mji wa pwani huko, walijiandaa kwa upepo. Wakaimarisha mapaa, wengine wakaingia kwenye majengo ya ghorofa moja karibu na pwani. Bahari ikaja na maji ya kimo cha mita 5 hivi. Baadaye manusura wengi walisema kwamba lau wangeambiwa linakuja jambo kama tsunami, wangekimbilia milimani. Zaidi ya watu 6,000 walikufa katika kimbunga kile. Ninapowafundisha wenzangu wa kujitolea, huwaomba wasitaje jina la janga bila kutaja litakavyofanya: "maji yatafika juu ya mlango, yatakuja haraka, yatatokea upande wa bahari." Nawe msikilizaji, ukisikia neno usilolijua kwenye onyo, uliza palepale: litafanya nini, litafika lini, niende wapi?

Kuhama nako kuna ngazi zake. Ushauri wa kuhama unakuachia uamuzi, ila mwenye wazee na watoto aanze safari hapo hapo. Amri ya kuhama ni ya lazima, na anayebaki ajue kwamba waokoaji wanaweza wasiweze kumfikia. Kujihifadhi ulipo ni kinyume chake: ingia ndani, funga milango na madirisha, zima feni zinazovuta hewa ya nje, usitoke. Agizo hili hutolewa kwa mfano kemikali inapovuja kiwandani au gari lililoibeba linapopinduka. Nasisitiza kwa sababu silika ya wengi ni kukimbia, na huko nje ndiko sumu iliko.

Tukifika kwenye misaada, neno linalozua ugomvi mwingi ni kaya. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kutegemea jiko moja. Nyumba moja inaweza kuwa na kaya tatu. Nimewahi kuandikisha nyumba ya wapangaji wanne kwa jina la mwenye nyumba peke yake, na mgawo wa ndoo na vyandarua ukaja wa kaya moja. Kurekebisha kulichukua siku tano za kwenda na kurudi. Ukifika mezani sema wazi: "Sisi ni kaya mbili, kila moja inajitegemea," kisha utaje watu wa kila kaya kwa majina na umri.

Tathmini nazo ni mbili. Tathmini ya haraka hufanywa siku za mwanzo, na mara nyingi mtu hupita, anatazama, anaandika makadirio. Tathmini ya kina huja baadaye, ikiwa na vipimo na maswali marefu. Usikate tamaa kwa sababu ya ile ya kwanza, wala usianze kubomoa na kufukia kabla hujapiga picha. Piga picha ya nyumba nzima kwa nje, kila chumba, alama ya maji ukutani ukiwa umesimama kando yake ili kimo kionekane, na kila ufa. Yule bibi tulimpigia picha mkono wangu ukiwa ndani ya ufa. Nadhani picha ile ilisema zaidi ya maelezo yangu yote, maana aliyekuja kukagua mara ya pili aliiangalia, akaingia ndani, akatoka haraka, akaandika "haikaliki" kwa herufi kubwa.

Alichofanya bibi, kuomba nyumba yake ikaguliwe upya, kinaitwa rufaa, ingawa hakulijua jina hilo. Ukinyimwa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi sababu ni karatasi iliyokosekana, au jina lililoandikwa kwa namna mbili. Angalia na siku za mwisho. Kwa mfano Marekani, anayenyimwa msaada na shirika la serikali la FEMA ana siku 60 za kukata rufaa tangu tarehe iliyo kwenye barua ya uamuzi. Tarehe iliyo kwenye barua inaweza kuwa ya siku kadhaa kabla barua haijafika mikononi mwako.

Ukiwa kambini, jua pia kwamba kuna viwango. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika mengi ya misaada, vinataja walau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku na mita za mraba 3.5 za kuishi kwa kila mtu chini ya paa. Ukiyataja kwa upole kwenye kikao cha kituo, mazungumzo hubadilika, kwa sababu sasa mnazungumzia kipimo.

Neno juu ya majina tunayoitana. Magazeti hupenda "wahanga". Mimi naliepuka, kwa sababu mhanga ni anayetolewa kafara, na hawa hawakutolewa na yeyote. Nasema waathirika, na nikiwa nazungumza nao wenyewe, manusura.

La mwisho ni lile ambalo huandikwa mbele ya jina la mtu: "hajulikani alipo". Halina maana kwamba amekufa, na familia zikilisoma ukutani huzimia kwa kudhani hivyo. Lina maana kuna anayemtafuta na hajapata jibu. Msalaba Mwekundu umekuwa ukifanya kazi hii ya kuwaunganisha waliopotezana tangu vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870, na hadi leo inategemea taarifa ndogo zinazoletwa na watu: jina kamili, jina la mama, alama mwilini, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Ukipotezana na mtu, ziandikishe siku hiyohiyo. Ukimpata, rudi kwenye meza ileile uliyoandikisha na uwaambie. Tulikuwa na mtoto wa miaka sita kwenye orodha yetu kwa siku kumi na moja. Vijana wawili walikuwa wakishuka mtoni kila alfajiri kumtafuta, na yeye alikuwa kwa shangazi yake tangu usiku wa kwanza.