Jibu: Sanamu ya Askari si ya Mjerumani

Mkuu, umeuliza kama Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, ni ya Mjerumani, na utajuaje picha ya zamani ni ya enzi gani.

Hapana, iliwekwa na Mwingereza, ikazinduliwa 1927. Sehemu hiyohiyo awali ilisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, yule Mjerumani aliyetumwa kuzima vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Waingereza walipouteka mji 1916 waliing'oa. Ikaishia Hamburg, Ujerumani, mbele ya chuo kikuu, na huko wanafunzi wakaiangusha 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968.

Ukishika picha, anza na mtu aliye juu. Wissmann ni Mzungu aliyesimama wima kwa madaha, na chini yake yupo askari Mwafrika amemtazama. Hiyo ni kabla ya 1916. Askari wa sasa yuko juu peke yake, anasonga mbele, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Kwangu hilo ndilo badiliko zito: aliyekuwa miguuni amepanda juu, ingawa aliyempandisha naye ni mkoloni.

Kisha, kama picha yako ni kadi ya posta, soma jina la barabara lililoandikwa juu yake. Acacia Avenue ni enzi za Mwingereza, Independence Avenue ni baada ya Uhuru, Samora ni baadaye zaidi. Wengi hukosea hapa, kwa sababu kadi za zamani ziliendelea kuuzwa baada ya jina kubadilika. Kwa hiyo jina peke yake lisikutoshe, angalia na magari.

Ukifika pale, soma maandishi ya Kiswahili kwenye msingi. Nenda Jumapili asubuhi, siku nyingine magari hayakupi nafasi ya kusogea.