Kabla Hujanunua Lexus CT 200h, Ingiza Mkono Pembeni mwa Kiti cha Nyuma

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, nimepata CT 200h ya 2012, safi kama mpya. Nichukue?" Nikacheka peke yangu. Hayo maneno "safi kama mpya" ndiyo yaliyoniponza.

Tusidanganyane, ugonjwa wetu ni mmoja: tunataka gari la heshima linalokunywa mafuta kama pikipiki. Nilipokaa kwenye kile kiti cha ngozi na kuzungusha kitasa hadi Sport, taa za dashibodi zikageuka kutoka buluu kuwa nyekundu, nikawa nimeshanunua. Kupeleka fundi wa nini? Chini kuna injini ya lita 1.8 na mfumo uleule wa haibridi (injini ya petroli ikisaidiana na mota ya umeme yenye betri yake kubwa) wa Toyota Prius ya kizazi cha 3, nguvu za farasi 136 kwa jumla. Halina stata wala alteneta, kwa hiyo nikajiambia vya kuharibika vimepungua. Nililikuta limeshawashwa na injini ina moto. Sikujiuliza kwa nini. Muuzaji alikuwa ananisifu kwamba najua magari, na sifa jamani ni tamu.

Miezi mitano nilitamba. Sina la kueleza hapo, nilikuwa najaza mafuta kidogo na kuongea sana.

Kisha siku moja ya jua kali, mlima mrefu, familia nzima ndani, nyuma kukaanza kuvuma. Binti yangu akauliza, "Baba, nani anakausha nywele?" Tukacheka wote. Muda si mrefu pembetatu nyekundu ikawaka na gari likaishiwa nguvu. Fundi wa kwanza akachomeka mashine yake, ikasoma kodi ya P0A80, yaani namba ya hitilafu ya ile betri kubwa. Ndani ya betri ile zimepangwa moduli 28, yaani betri ndogondogo zilizounganishwa. Akabadilisha moja iliyokufa, akafuta kodi hiyo, nikalipa. Baada ya wiki sita ikafa nyingine.

Fundi wa pili, mzee wa maneno machache, hakuanza na mashine. Aliinama pembeni mwa kiti cha nyuma, penye tundu ambalo betri huvutia hewa ya ndani ya gari ili ipoe, akaifungua feni. Mapanga yake yalikuwa yamevaa sweta: vumbi, nyuzi za zulia na manyoya meupe ya mbwa. Mimi sijawahi kufuga mbwa. Betri ilikuwa imepikwa taratibu kabla hata sijalijua gari hilo, na kubadilisha moduli moja katikati ya wenzake waliokwisha kuungua ni kutia kiraka kwenye nguo iliyooza. Nikanunua betri nzima. Yule muuzaji hadi leo hapokei simu yangu, na sitasema nimemsamehe.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu. Nenda kaangalie gari asubuhi injini ikiwa baridi, na ukilikuta na moto, rudi siku nyingine. Likiwaka kwa kutetemeka kama lina homa, huku maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja, shuka. Injini zile huziba njia ya kurudishia moshi, na gasketi ya silinda hedi huweza kufuata. Nenda na mashine ya kusomea kodi, kisha endesha muda mrefu, maana kodi iliyofutwa jana usiku haijapata nafasi ya kurudi. Na ingiza mkono kwenye lile tundu. Ngozi inapigwa dawa ikang'aa, rangi inapigwa polishi, lakini pale hakuna anayehangaika kusafisha. Ingiza mkono! Mimi sasa naifungua feni hiyo mwenyewe kila mwaka, kwa bisibisi na brashi ya rangi, na betri yangu inadunda.

Msomaji wangu alinijibu jana usiku. Mkono umetoka mweusi, na muuzaji kamwambia ni vumbi tu.