Mathayo 10:19 haikuambii upande jukwaani mikono mitupu

Dada, usithubutu kusimama hapo bila kujiandaa. Umeandika kwamba mchungaji amekupa neno, yaani uhubiri, kwenye ibada ya nje mwaloni Igombe, pale ziwani mitumbwi inapoingiza samaki, Jumapili ijayo, kwamba umeishia darasa la saba na kazi yako ni kuanika dagaa, na kwamba utafunga siku 3 bila kuandika chochote, "Roho atanipa la kusema papo hapo." Umeuliza pia kama ukubali au ukatae, na uvae nini. Hapo kwenye "papo hapo" ndipo nimeshindwa kunyamaza. Kosa hilo nimelifanya, na waliolilipia ni watu waliokuja kusikiliza.

Aliyekufundisha hivyo amekukatia mstari. Usianzie 10:19, pale pasemapo msifikiri mtakavyosema kwa kuwa mtapewa saa ile la kusema; anzia 10:17. Yesu anasema na wanafunzi watakaokamatwa, wapelekwe mabarazani, wapigwe, wasimamishwe mbele ya maliwali na wafalme. Mtu aliyekamatwa hana wiki ya kujiandaa; wewe unayo, na Biblia iko mezani. Wanaofundisha haya kwenye semina wenyewe hupanda wakiwa na daftari! Inaniuma, kwa sababu wanaoumizwa ni wanyenyekevu kama wewe, wanaoaminishwa kwamba kuandika ni kukosa imani.

Kinachofuata ni kile kile siku zote. Dakika 3 za mwanzo zinabebwa na pambio na haleluya. Ya 4 mdomo unakauka. Unarudia sentensi moja, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, unarukia shuhuda za watu wengine, unaishia kukemea mapepo kwa sababu maneno yamekwisha. Usiku unajiambia "kumbe sikuitwa," na mwaka ujao wakikuomba unakimbia. Wito haukuwa na kasoro. Nyavu ndizo zilikuwa zimetoboka.

Nyavu unazijua kuliko mimi. Mbalamwezi ikiwaka, taa haikusanyi dagaa vizuri, wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona. Hakuna hata mmoja anayeweza kuumba dagaa, ila hakuna anayesema "dagaa ni wa Mungu" akaacha tundu la kupita ngumi. Soma Luka 5: Petro na wenzake wamekesha bila kitu, lakini Yesu anawakuta wakiosha nyavu. Samaki waliojaa baadaye ni uweza wake mtupu. Zilizoshushwa ni nyavu zilizokwisha kuoshwa.

Darasa la saba lisikutishe. Musa alisema yeye ni mzito wa kinywa, Kutoka 4:10, na Mungu hakumsifia kwamba anaongea vizuri. Alimuuliza ni nani aliyemfanyia mwanadamu kinywa, kisha akaahidi kumfundisha la kusema. Kumfundisha, dada! Na kabla ya siku hiyo Musa alikuwa amechunga kondoo miaka 40 huko Midiani, kwenye nyika ya aina ile ile atakayowapitisha watu. Kwa hiyo andaa mpaka mwisho, ndipo uombe Mungu atende zaidi ya maandalizi yako. Kufunga funga, ila daftari liwe wazi.

Chukua sura moja fupi, isome kwa sauti mara 7, kila siku mara moja. Siku ya 3 andika sentensi moja: watu waondoke wakijua nini? Ukishindwa kuiandika kwa mistari miwili, bado hujaelewa, rudi usome. Chini yake weka hoja 2, si 5, na kwa kila hoja mfano wa kitu cha pale pale: kichanja cha kuanikia dagaa, kamba, taa. Ijumaa na Jumamosi sema yote kwa sauti, simu ikipima muda.

Uliza mapema kama kuna mkalimani wa Kisukuma. Wengi wanaangukia hapo: umepewa dakika 20, mkalimani anakula nusu, zako ni 10. Kaa naye Jumamosi, msomee maneno magumu, maana "neema" akiitafsiri visivyo mahubiri yote yamepotea. Hata Musa alipewa Haruni nduguye amsemee.

Muda usiwe asubuhi. Mitumbwi inaingia, wanawake wako kwenye vichanja, nani atakusikiliza? Omba saa kumi jioni, dagaa wakishaanuliwa. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, basi simama ziwa likiwa mgongoni, sauti ibebwe kwenda kwa watu. Na karatasi yako igandamizie jiwe.