Mtoto wa figo akitoka vipele baada ya dawa mpya

Mzazi mwenzangu mwenye mtoto wa figo, unajua dawa haziishi nyumbani. Wangu alianza kwa kuvimba macho asubuhi na mkojo wenye povu. Akawekwa kwenye prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutibu figo, kisha akaongezewa Septrin ya kukinga maambukizi. Hiyo Septrin ndiyo iliyomdhuru.

Wiki ya pili akashikwa na homa, macho yakawa mekundu, uji akaukataa kwa vidonda vya mdomoni. Jirani akasema surua. Kwenye ngozi yake nyeusi vipele havikuonekana vyekundu, vilikuwa mabaka ya zambarau iliyokolea, na nilipomgusa mgongo alipiga kelele. Shika hilo kuliko yote: upele wa kawaida wa dawa huwasha, huu huuma, hata kabla ya malengelenge na ngozi kubabuka.

Unaitwa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioueleza mwaka 1922. Ni nadra, ila unaua. Mara nyingi huja kati ya siku 4 na 28 tangu dawa ianzwe, ndiyo maana wengi hawaishuku dawa: mtoto ameimeza siku kadhaa salama, vipi imgeuke leo? Dawa za salfa, kundi la Septrin, ziko mstari wa mbele, pamoja na SP ya malaria. Zipo pia alopurinoli, dawa ya gauti, na baadhi ya dawa za kifafa.

Ukiona homa, macho au mdomo kuuma, na ngozi yenye maumivu, usimpe tena dawa mpya unayoishuku, mpeleke hospitali kubwa usiku huohuo. Prednisoloni usiikatishe mwenyewe. Kuiacha ghafla ni hatari nyingine. Beba maboksi yote, hata ya dawa za kienyeji. Usimpake mafuta wala dawa ya meno. Diklofenaki ya kutuliza maumivu ikataeni, inaumiza figo. Na ombeni daktari wa macho mapema, kwani makovu ya jicho yanaweza kumpofusha mtoto aliyekwishapona ngozi.

Wangu hatagusa tena Septrin maisha yake yote. Kwenye jalada la daftari la kliniki imeandikwa kwa wino mwekundu, na bibi yake na mwalimu wana nakala. Duka la dawa huwa nasoma boksi mwenyewe, maana dawa hiyohiyo huuzwa kwa majina mengi: tafuta neno co-trimoxazole au sulfamethoxazole.