Doa baada ya mionzi: uvimbe umerudi, au ni athari ya tiba?
Dada wa Kisumu uliyeuliza, doa ambalo picha ya MRI imeonyesha kichwani mwa kaka yako baada ya tiba ya mionzi laweza kuwa uvimbe uliorudi au tishu iliyouawa na mionzi yenyewe, na mara nyingi picha hiyo pekee haitofautishi. PET, picha inayopigwa baada ya mgonjwa kudungwa kemikali yenye mionzi kidogo, inapatikana Nairobi na husaidia, ila muulizeni daktari atatumia kemikali gani: ile ya glukosi hutatizwa na ubongo wenye afya, ambao nao hula sukari nyingi, ilhali ya asidi amino (chembe zinazounda protini) huonyesha uvimbe waziwazi zaidi. Ikiwa ni ya glukosi, mgonjwa hufunga kula kwa saa 4 hadi 6, kwa hiyo basi la kwenda Nairobi likisimama Nakuru asinywe chai ya sukari. Maji matupu hayana shida.