Uzamili wa Historia: Kabla ya Mada, Tafuta Jalada

Nina shahada ya ualimu, Historia na Kiswahili. Naweza kuomba uzamili wa Historia? (Msomaji, Iringa)

Mara nyingi unaweza, ukiwa na daraja la pili na Historia ikiwa somo lako la kufundishia. Kama hujawahi kuandika utafiti kutokana na nyaraka, chagua programu yenye kozi pamoja na tasnifu, si ya tasnifu pekee. Kozi zitakupa muda wa kukosea mapema.

Msimamizi amenirudishia pendekezo mara mbili. Mada ni "Wafanyakazi wa mkonge Tanganyika", anasema ni pana mno. (Msomaji, Muheza)

Anasema kweli, hicho ni kitabu kizima. Ikate kwa mahali, miaka na watu, kisha uipe swali moja. Mfano: manamba, yaani vibarua wa mkataba, walioandikishwa Songea kwenda mashamba ya Tanga, kuanzia 1944 ilipoundwa SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua, hadi mgomo wa Mazinde wa 1958. Swali: kwa nini wengine walibaki Tanga mkataba ulipokwisha, na wenzao wakarudi kwao?

Kila mwaka ulio kwenye kichwa cha tasnifu uwe na sababu yake. Wanafunzi wengi huishia 1961 kwa mazoea tu, wakati Uhuru ulimkuta mkata mkonge na panga lilelile mkononi. Na usirudishe pendekezo kabla hujafungua mwenyewe angalau majalada 10 yanayogusa mada hiyo. Mada nzuri isiyo na majalada itakufia katikati ya mwaka wa pili, ada ikiwa imeshalipwa.

Nakwenda Nyaraka za Taifa, Upanga, kwa mara ya kwanza. Nijiandae vipi? (Msomaji, Dodoma)

Beba barua ya utambulisho ya chuo, kibali cha utafiti na penseli; kalamu ya wino iache. Ukihitaji pia Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani, fuata taratibu za kibali za Zanzibar, maana cha bara hakitakutosha.

Siku ya kwanza usiombe jalada lolote. Kaa na orodha ya majalada, unakili namba zote zinazohusu wilaya yako na idara ya kazi. Jalada likifika, andika namba yake kwenye kikaratasi na ukiweke ndani ya kila picha, kama kupiga picha kunaruhusiwa. Picha 800 zisizo na namba za jalada hazifai hata kwa tanbihi moja.

Kisha anza na madokezo, yaani maelezo ambayo maofisa waliandikiana ndani ya jalada, si barua. Katika jalada la Mwingereza, barua inakupa uamuzi uliofikiwa. Mabishano yamo kwenye madokezo. Ofisa mmoja anapendekeza posho ya manamba iongezwe, mkubwa wake anapinga chini yake, anatia herufi za jina lake na tarehe. Hapo ndipo unapoona nani alitaka nini. Wanaonakili barua peke yake hurudi nyumbani na msimamo wa serikali tu, wakidhani ndiyo historia.

Ukiambiwa jalada halionekani, usikate tamaa. Barua ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, kwenda Sekretarieti, ofisi kuu ya serikali Dar es Salaam, iliacha nakala wilayani, kwa hiyo omba jalada la wilaya. Ripoti za mwaka za Idara ya Kazi nazo zilichapwa. Zitafute sehemu ya East Africana, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Lazima nijue Kijerumani? (Msomaji, Kilwa)

Kwa mada ya Maji Maji, 1905 hadi 1907, ndiyo, angalau cha kusoma. Maandishi ya chapa utayazoea haraka. Ya mkono, yaitwayo Kurrent, yanataka miezi: *e* na *n* karibu zinafanana, na *u* huijua kwa kialama kilicho juu yake. Fungu R 1001, la ofisi ya makoloni ya Ujerumani, katika nyaraka za Berlin lina mengi yaliyowekwa kwenye intaneti bure, kwa hiyo jifunzie hapo kabla ya kufikiria nauli.

Wazee ninaowahoji kuhusu manamba hawakumbuki miaka. (Msomaji, Songea)

Usiwaulize mwaka. Uliza: ulikuwa umeoa? Ilikuwa kabla ya Azimio la Arusha? Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1950 alizaliwa 1930, kwa hiyo wengi utakaowapata ni wajane na watoto wa manamba. Andika wazi aliyoyaona mwenyewe na aliyoyasikia kwa baba yake; ni ushahidi wa aina mbili.

Mhoji mmoja mmoja kwanza, kikundi baadaye, kwani mbele ya mkubwa wao wengine watajibu "kama alivyosema mzee". Nukuu sauti wiki ileile, ungali unakumbuka alinyooshea kidole shamba gani. Saa 1 ya sauti hula saa 4 hadi 6 za kuandika.